Majengo ya Uani Nayo Yana Heshima Yake

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Methali hii hutajwa sana mikutanoni na penye magomvi ya watu, lakini ni mara chache kutajwa pale ilipozaliwa, yaani ukutani. Mgeni aingiapo katika makao ya kale huitazama nyumba kubwa: baraza yake, nguzo zake, milango yake na paa lake. Huisifu rangi mpya, hunywa maji, akaenda zake. Ni nadra mgeni huyo kuzunguka nyuma akaliangalia jiko, ghala, banda la wanyama, mahali pa kufulia, na vile vyumba vidogo walimolala watumishi. Hata mwenye nyumba husahau. Fedha ikipatikana hupakwa rangi mbele, na nyuma huachiwa mvua na mchwa.

Lakini nyumba kubwa haikuweza kuishi hata siku moja bila majengo hayo. Chakula kilitoka uani, na maji ya kuoga, na nguo safi, na kuni, na mafuta ya taa. Kwa hiyo mtu anayehifadhi nyumba ya mbele akauacha uani uanguke, amehifadhi nusu tu ya habari, tena ile nusu ya waliotumikiwa. Nusu ya waliotumika imekwenda na maji ya mvua.

Mji wa Rumonge, ulioko kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura, una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya 19 mwambao huu ulifungamana na Ujiji kwa vyombo vya biashara, na Kiswahili kikaota mizizi ambayo haijakauka hadi leo. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadre Weupe, walifungua kituo huko. Mwaka 1881 watatu kati yao waliuawa, na kituo kikaachwa. Baadaye walikuja Wajerumani, na baada yao Wabelgiji, waliotawala mpaka siku ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Mawese na samaki vilivuta wafanyabiashara, na wafanyabiashara wakajenga nyumba. Kila nyumba ya maana ilikuwa na ua wake, na kila ua ulikuwa na majengo yake ya kazi.

Habari ya familia moja ya askari polisi mjini humo yaweza kuwa habari ya familia nyingi. Wanakaa katika makao ya zamani yaliyo juu kidogo kutoka ziwani. Nyumba kubwa ni ya matofali ya kuchoma. Nyuma yake, hatua kumi na tano hivi, liko jiko lililojitenga; kando ya jiko liko ghala lililokuwa la mawese; na mwisho wa ua vimepangwa vyumba vitatu vya watumishi, vya matofali mabichi ya udongo. Mama mzazi wa mke wa askari huyo, ambaye wajukuu wote humwita Bibi, amevuka miaka 80. Aliingia katika jiko lile akiwa binti mdogo, akiosha vyombo na kupepea moto, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Baada ya uhuru mumewe, mvuvi aliyejaliwa kupata nafuu, aliyanunua makao yale. Hivyo yule aliyekuwa akiingia kwa mlango wa nyuma akawa mwenye ua.

Miaka michache iliyopita jiko hilo lilipigwa lipu ya saruji upande wa nje ili lipendeze kwa ajili ya harusi. Kwa msimu mmoja lilipendeza kweli. Masika yaliyofuata yalileta madoa chini ya ukuta. Kisha ikatoka chumvi nyeupe kama unga, lipu ikavimba, na mtu akiigonga kwa kidole ililia kama debe tupu. Usiku mmoja wa Aprili, katika mvua kubwa, kipande kirefu kama mlango kiliporomoka. Kwa bahati hakuna aliyekuwa karibu. Asubuhi watu walipotazama, matofali yaliyokuwa nyuma ya saruji yalikuwa yamelainika hata ukucha uliweza kuyachimba.

Askari yule alifanya uamuzi kama wanavyofanya watu wenye haraka na wenye kujali usalama wa watoto.

"Mama," alimwambia mkwewe kwa adabu, "jiko hili litatuletea msiba. Nina likizo ya wiki tatu. Nitalibomoa nijenge jipya la bloku."

Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, katika nyumba ile ya mbele walikaa watu waliokuja wakaenda. Sisi tulikuwa humu jikoni. Ukilibomoa, hawa wajukuu nitawaonyesha nini?"

Mkwe hakubishana. Alimwita fundi mmoja mzee wa mjini, apime kwanza kabla nyundo haijainuliwa. Fundi alizunguka jiko mara mbili bila kusema. Aligonga hapa na pale, akateremsha timazi kwenye kila pembe, akachimba udongo kidogo penye msingi, akapanda ngazi kuangalia chini ya mabati. Aliposhuka alifuta mikono.

"Afande, ukuta huu umesimama wima. Haukuwa na ugonjwa. Kilichouumiza ni koti mlilouvisha."

"Koti gani tena, Mzee? Saruji si ndiyo nguvu?"

"Afande, wewe umevaa koti la mpira kazini. Livae juani kutwa nzima bila kufungua kifungo. Jioni utalowa, wala mvua haikunyesha. Ukuta nao unatoa jasho."

Maneno hayo ya fundi ndiyo msingi wa kazi yote ya kurudisha sura ya nje ya majengo ya kale, na yanafaa kuelezwa vizuri. Saruji inayotumika leo ilisajiliwa kwa mara ya kwanza na fundi Joseph Aspdin wa mji wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Kabla ya kuenea kwake, watu walijenga kwa udongo au kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa tena wakati wa jua. Chokaa ni laini, tena ina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, hivyo unyevu hupita ukatoka. Ukuta ukisogea kidogo, chokaa nayo husogea. Saruji ni ngumu na imefunga. Ukuta laini ulio nyuma yake ukisogea, saruji hupasuka ufa mwembamba kama uzi. Maji huingia kwa ufa huo, lakini hayana njia ya kutokea. Hukaa ndani yakila matofali, na jua linapoyavuta huacha chumvi ambayo huvimba na kuisukuma lipu ianguke. Si kwamba saruji ni mbaya. Saruji ni nzuri kwa jengo lililozaliwa na saruji. Kulivisha jengo la chokaa au la udongo ndilo kosa.

Elimu hii imepatikana kwa gharama mahali pengi, hasa katika miji ya mwambao wa bahari, ambako Waswahili walijenga kwa mawe na chokaa kwa karne nyingi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una kuta za mawe ya matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na dari zilizobebwa na boriti za mikoko. Chokaa ile ilipatikana kwa kupanga mawe ya matumbawe pamoja na magogo katika tanuu la wazi, kuyachoma mpaka yageuke, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yaive kwa muda mrefu. Mafundi wa uhifadhi huko wamekuta mara kwa mara kwamba nyumba zilizopigwa lipu ya saruji ndizo zinazooza upesi kwa ndani.

Wala mtu asidhani kwamba kuchelewa ni jambo la kupoteza uzuri tu. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, lilikuwa limeonyesha udhaifu kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, sehemu ya mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba mashuhuri kama lile, linalotazamwa na ulimwengu, liliweza kuanguka, ghala la nyuma lisilotazamwa na mtu lina kinga gani?

Kuhusu majengo ya uani hasa, mfano mwema uko Kenya, katika kitongoji cha Karen pembeni mwa Nairobi. Hapo ipo nyumba iliyojengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren wa Sweden. Tangu 1917 hadi 1931 ilikuwa nyumba ya shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark. Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Denmark iliitoa nyumba hiyo kuwa zawadi kwa taifa jipya, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mgeni akizunguka nyuma hulikuta jiko, jengo lililosimama peke yake kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kwa kuogopa moto, moshi na joto. Jiko hilo limerudishwa katika mtindo wake wa awali. Humo ndimo alimopikia Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyefika shambani akiwa na vidonda vya miguu, akatibiwa, akawa mpishi hodari. Bila jiko lile, Kamante angebaki jina katika kitabu cha mtu mwingine. Kwa kuwa jiko lipo, mtoto wa shule aweza kusimama mlangoni akaona mahali alipofanyia kazi yake.

Askari nao wana mfano wao. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na baadaye ikawa makumbusho. Wachimbuzi wa mambo ya kale hawakutafuta nyumba ya kapteni peke yake. Walifukua pia misingi ya vyumba walimolala askari wa kawaida. Leo mtu hutembea katikati ya misingi hiyo na kuelewa kwamba ngome ililindwa na watu waliokula, waliolala na waliougua, wala haikulindwa na mizinga mitupu.

Burundi yenyewe haikosi somo. Huko Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, ipo patakatifu pa ngoma palipoanzishwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya ushindi wake juu ya Maconco. Nyumba zake ni za nyasi. Nyasi za nje huchakaa, hutolewa, huezekwa nyingine, na hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba nyumba hiyo si ya kale. Sura ya nje huendelea kuishi kwa sababu mikono inayoitengeneza hutumia nyasi zile zile na ufundi ule ule. Nyasi za Gishora na chokaa ya Zanzibar zina sheria moja: jengo litibiwe kwa kile lilichojengwa nacho.

Kwa sheria hiyo kazi ilianza katika ua wa Rumonge. Fundi alikataa kugusa ukuta kabla ya Juni. Katika mwambao huu mvua hukoma kwa kawaida kuanzia Juni hadi Septemba, na chokaa haipendi kupigwa na mvua kabla haijashika. Lakini miezi ya kungoja haikupotea bure. Mke wa askari alinunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, akailoweka ndani ya pipa lenye kifuniko, maji yakiwa juu yake daima, iive mpaka iwe kama siagi. Watoto wakubwa walichora picha ya kila ukuta, wakatia alama penye ufa, penye chumvi na penye tofali lililokwisha. Askari alipiga picha kila upande. Fundi aliwaambia kwamba daktari huandika kabla ya kutoa dawa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyaondoa maji, wala haikuwa ya mwiko. Bati moja lililotoboka lilibadilishwa. Mfereji wa kupokea maji ya paa uliwekwa upya. Udongo uliokuwa umejilimbikiza kwa miaka mingi na kupanda juu ya msingi ulichimbwa na kuchukuliwa, na mtaro mdogo ukaelekezwa mbali na ukuta. Fundi alisisitiza kwamba mtu akipiga lipu kabla ya kuyafukuza maji, amefunga bendeji juu ya kidonda chenye usaha.

Ya pili ilikuwa kuivua ile saruji. Iliondolewa kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia pale ilipokwisha kujitenga na ukuta. Pale iliposhika sana kiasi cha kutaka kung'oka pamoja na uso wa tofali, iliachwa kwanza, ukuta ukauke, ijaribiwe tena baadaye. Kisha ukuta uliachwa wazi wiki kadhaa upepo wa ziwa uupitie. Hapo ndipo likizo ya askari ilipokwisha. Alirudi kazini jiko likiwa uchi, na majirani wakicheka kwamba afande ameshindwa na kibanda. Alivumilia. Kazi iliyobaki ilifanywa na fundi na vijana wawili, na yeye mwenyewe siku zake za mapumziko.

Ya tatu ilikuwa kusafisha viungo vya matofali. Udongo uliolegea ulikwanguliwa kwa kina cha sentimita 2 hivi, vumbi likafagiliwa, ukuta ukalowanishwa, na viungo vikajazwa upya. Matofali yaliyooza kabisa yalitolewa moja moja na kuwekwa mengine ya zamani yaliyookotwa katika ua huo huo. Tofali ambalo uso wake mmoja tu ulikuwa umeliwa liligeuzwa, upande mzima ukatazama nje.

Ya nne ndiyo lipu yenyewe. Fundi alichanganya kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 3 vya mchanga, bila saruji hata kijiko. Mchanga ulitoka katika mito inayoshuka milimani, ukachekechwa na kuoshwa. Fundi hakukubali uchotwe ufukweni. Katika miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda, yakafunika nyumba nyingi za mwambaoni, na anayechimba mchanga pale humsaidia adui. Lipu ilipigwa tabaka tatu nyembamba, kila moja isizidi sentimita 1, na kila tabaka likangojwa lishike kabla ya kuwekewa jingine. Chokaa haigandi kwa maji kama saruji. Hushika polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyomo angani, ikirudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Ikikaushwa ghafla na jua huwa unga. Hivyo magunia yaliyoloweshwa yalitundikwa mbele ya ukuta, na kila asubuhi na jioni mtoto mmoja alikuwa na zamu ya kuyanyunyizia maji. Zamu hiyo iliandikwa kwenye karatasi kama zamu ya lindo.

Hapa pana tahadhari ambayo kila mzazi hana budi kuishika. Chokaa huunguza. Ile ambayo haijazimwa huchemka inapokutana na maji, na hata iliyozimwa huchoma ngozi na yaweza kupofusha jicho. Anayeichanganya avae glavu na miwani ya kukinga macho, ndoo ya maji safi iwe karibu, na watoto wadogo wasikaribie pipa. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja.

Vyumba vya watumishi vilitaka dawa nyingine, kwa kuwa ni vya matofali mabichi. Vilisiririwa kwa udongo uliochanganywa na mchanga, majani makavu yaliyokatwa vipande na samadi ya ng'ombe, nao wanawake wa mtaa waliijua kazi hiyo kuliko fundi mwenyewe. Upenu wa paa ulirefushwa ili mvua isiupige ukuta. Milango ya mbao haikutupwa. Sehemu ya chini iliyooza ilikatwa, ikaungwa mbao mpya, bawaba zikatiwa mafuta, na mlango ukarudi mahali pake.

Katika kuivua saruji ya jiko lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Upande ulioelekea nyumba kubwa ulionekana mstari wa matofali tofauti, wenye umbo la mraba, kwa kimo cha kifua cha mtu. Vijana walitaka kuufunika kwa lipu. Fundi aliwazuia, akamwita Bibi. Alitoka polepole na fimbo yake, akaugusa mraba ule kwa kiganja.

"Hapa palikuwa na dirisha dogo," alisema. "Sahani zilitoka hapa. Sisi wa ndani hatukuruhusiwa kuzipeleka mezani. Tulitoa mkono tu, na aliyevaa kanzu nyeupe alipokea. Miaka yote ile niliiona mikono yake kuliko uso wake. Siku tulipoinunua nyumba, marehemu mume wangu aliliziba dirisha hilo kabla hata hatujahamisha vitanda. Alisema, katika ua huu chakula kitapita mlangoni."

Askari aliuliza kama dirisha lifunguliwe, lirudi kama lilivyokuwa zamani. Bibi alikataa. "Kuziba kwenyewe ni habari pia. Liacheni lionekane kwamba lilikuwapo, na lionekane kwamba lilizibwa."

Bibi huyo hakusoma vitabu vya uhifadhi, lakini neno lake linapatana na mawazo ya wataalamu. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wa nchi nyingi huifuata, husema kwamba michango ya vipindi vyote katika jengo iheshimiwe, na kwamba sehemu mpya ipatane na ya kale lakini iweze kutambulikana. Fundi alipiga lipu ndani ya mraba ule ikiwa imezama kidogo kuliko ukuta mwingine. Jua la jioni likipiga, kivuli chake huonekana wazi.

Mwishoni mwa Agosti jiko lilipakwa maji ya chokaa mara tano, mepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, yakiwa na udongo wa manjano kidogo kwa kufuata rangi iliyokutwa chini ya saruji. Halikung'aa kama rangi ya dukani. Mvua za Oktoba zilipokuja ukuta ulilowa, rangi ikawa nzito, na jua lilipotoka ukakauka ukarudi katika hali yake. Koti lilikuwa limepata vifungo.

Familia nyingi za askari hazikai katika nyumba zao wenyewe. Hukaa katika nyumba za serikali, na baadhi ya nyumba hizo na vituo ni vya zamani sana. Mkaaji wa jengo kama hilo asichukue nyundo kwa hiari yake. Wajibu wake ni kutoa taarifa kwa maandishi mapema, ufa ungali mwembamba, akieleza ulipo na ulivyokua, na kuomba kibali kabla ya kupiga lipu au rangi yoyote. Lakini yapo mambo yasiyohitaji kibali wala fedha: kufagia majani kwenye mfereji wa paa, kuondoa udongo uliorundikana ukutani, kung'oa mti mdogo unaoota penye ufa, kutoegemeza kuni mbichi kwenye ukuta wa udongo, na kuacha wazi matundu ya kutolea moshi. Askari hukaguliwa viatu na bunduki yake kila siku ili visiharibike siku ya haja. Jengo nalo lastahili ukaguzi, angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua.

Mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha mjini London chama cha kulinda majengo ya kale, na shauri lao kubwa lilikuwa kwamba utunzaji wa kila siku huzuia matengenezo makubwa. Wahenga wa Kiswahili hawakuhitaji chama kulisema hilo. Walilisema kwa ufa na ukuta. Kinachobaki ni kulitenda, tena kuanzia nyuma ya nyumba.

Katika ua ule wa Rumonge Bibi bado huketi jioni kwenye kigoda mbele ya jiko. Wajukuu humuuliza habari za ule mraba, naye huwasimulia juu ya mikono iliyotoa sahani na mikono iliyozipokea. Chakula kinapokuwa tayari, mama yao hukichukua mikononi na kutoka nacho mlangoni.